Kabla Hujamleta Spanieli Nyumbani, Muulize Domitille

Domitille Bulonza amepiga magoti juu ya mkeka, kwenye baraza la nyumba moja ya Nguba, mtaa ulio kando ya ziwa, na mbele yake amelala mbwa mdogo wa kahawia na nyeupe. Kwa mkono wa kushoto ameinua sikio la mbwa huyo, refu na laini, lenye manyoya yanayoning'inia kama shada. Kwa mkono wa kulia anapitisha kitana polepole, kuanzia nchani kwenda juu, kama msusi anayefumua nywele za mtoto mwoga.

Mbwa amefumba macho. Anakoroma.

Kwenye ngazi amesimama kijana aliyevaa shati la kazini. Jina lake Patrice. Ameshika simu yenye picha ya spanieli mdogo kama huyu, na amekuja kuuliza wa kwake atampata wapi.

Domitille hamjibu. Anamuuliza yeye.

"Patrice, muchana nani anabakia ku nyumba?"

"Hakuna mutu, maman. Ninatoka asubui, ninarudia magaribi. Ninaishi peke yangu."

"Na ku dimanche?"

"Dimanche ni misa, kisha mupira na barafiki."

Domitille anaweka kitana chini. "Basi tafuta samaki," anamwambia. "Samaki utaitia mu maji, itakuangalia, utaiangalia, inaisha. Huyu hapana. Huyu ukimuacha peke yake siku muzima, atalia mpaka majirani bakuchukie. Na kama halie, njo mubaya zaidi, juu atakuwa anaisha pole pole mu roho."

Patrice anacheka, lakini haondoki. Anakaa kwenye ngazi, anaiweka simu mfukoni, na kuanza kutazama jinsi sikio la pili linavyochanwa.

Wengi huanza hivyo kwa Domitille. Wanakuja wakitaka mbwa, wanaondoka wakiwa na maswali. Baadhi hawarudi tena. Wanaorudi, anasema, hao ndio wake.

Mama huyu wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, anaishi Cimpunda na mumewe Gaston, ambaye ni fundi mwashi. Kila asubuhi hushuka kwa miguu kutoka mlimani hadi Nguba na Muhumba, mfuko wa vitana na taulo ukiwa begani, kwenda kuwachana, kuwaosha na kuwatembeza mbwa wadogo wa watu. Kwa kazi hiyo anawasomesha watoto wake. Lakini hakuichagua. Kazi yenyewe ndiyo iliyomfuata, ikiwa ndani ya kikapu.

Kabla ya hapo alikuwa msusi katika soko la Kadutu. Maarusi walimtafuta, na wanafunzi walipanga foleni kabla ya shule kufunguliwa. Kisha moto ukapita kwenye vibanda vya upande wake. Ulichukua kioo, viti, nywele za kubandika, na hata mwavuli aliokuwa akisukia chini yake.

"Nilirudia ku nyumba na mikono tu," anasema. "Lakini mikono njo ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo nilisema sijapoteza yote."

Rafiki yake alimtafutia kazi ya nyumbani huko Nguba, kwa mwanamke aliyeitwa Monique, mfanyakazi wa shirika moja la nje. Siku ya kwanza Domitille aliingia sebuleni na ufagio wake na kumkuta mbwa amelala kwenye kiti cha wageni, kichwa juu ya mto.

Alisimama mlangoni. Huko alikozaliwa, mbwa ni wa kulinda lango, hufungwa kamba, na hula kilichobaki wakati kimebaki. "Nilijiambia, huyu haiko imbwa. Huyu ni mutoto ya mutu anavaa manyoya."

Mbwa huyo jike aliitwa Bijou. Alikuwa spanieli wa aina ile ndogo iliyofugwa tangu zamani kukaa mapajani mwa watu, wala si kuwinda wala kulinda. Nyuma ya masikio yake manyoya yalikuwa yamesokotana na kuwa mafundo magumu kama kamba ya katani. Waliomtangulia Domitille walikuwa wakiyakata kwa mkasi, na mara moja walikata na ngozi. Bijou akikiona chuma chochote mkononi mwa mtu, alijificha chini ya kabati.

Jioni moja, kazi za ndani zilipokwisha, Domitille alikaa sakafuni na mafuta kidogo ya nazi viganjani. Hakumwita. Bijou akatoka mwenyewe. Fundo la kwanza lilifunguka kwa vidole vitupu, kama msuko wa zamani unavyofunguliwa. La pili likafuata. Monique aliporudi kazini alimkuta mbwa wake amelala kwenye mapaja ya mfanyakazi, mafundo yote yamekwisha, na mfanyakazi hathubutu kuinuka asije akamwamsha.

Tangu siku hiyo Bijou akawa mkononi mwa Domitille, naye akajifunza mambo ambayo leo huwafundisha wengine.

Alijifunza kwamba masikio yale yanayowavutia watu ndiyo pia mlango wa ugonjwa. Hewa haipiti, maji ya kuogea hubaki ndani, na siku chache baadaye harufu kali hutoka, mbwa akitikisa kichwa na kujikuna mpaka damu. "Ukimuosha, ukaushe masikio kwanza, kisha ufikirie mengine," anasema.

Alijifunza kwamba macho yale makubwa ni ya kuombea, na kwamba anayeyatii hudhani anapenda kumbe anaua. Spanieli mdogo hula mpaka chungu kiishe. Akinenepa, moyo na magoti hulemewa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano ndani ya tumbo lake. Kitunguu humdhuru. Chokoleti ni sumu.

Na alijifunza, kwa kukimbia nyuma yake barabarani na kandambili mkononi, kwamba mbwa wa aina hii haogopi chochote. Ndege akiruka, naye anaruka. Pikipiki ikija, yeye anadhani inakuja kumsalimia. Kumtoa nje bila kamba ni kumtoa moja kwa moja.

Mwanzoni mwa mwaka jana, wageni wengi walipoondoka mjini kwa haraka kwa kuogopa vita, Monique naye aliambiwa aondoke asubuhi ileile. Gari lilikuwa tayari langoni. Wanyama hawakuruhusiwa.

"Domitille, nitamtuma mtu aje kumchukua," alisema akilia, akamwachia mbwa, kitana na mfuko wa chakula.

Hakuna aliyekuja. Wiki zilipopita, Domitille akimtunza mbwa kwenye nyumba ileile, Monique alipiga simu kutoka mbali na kusema maneno ambayo Domitille anayakumbuka yalivyo: "Bijou ni wako. Kama hutaki, nitaelewa. Lakini kama unataka, ni wako kweli."

Alitaka. Alimtia Bijou ndani ya kikapu cha sokoni, akakifunika na kitenge, akapanda naye Cimpunda.

Gaston alikuwa ametoka kazini, mikono bado ina simenti. Alifunua kitenge akidhani ni mboga.

"Hii ni nini?"

"Ni Bijou."

"Ninaona. Ninauliza inakuya kufanya nini humu."

"Inakuya kukaa."

"Kukaa tu? Hailinde, haikamate panya, haizae mayai?"

"Kukaa tu, Gaston. Kazi yake ni kukaa na mutu."

Gaston anasimulia leo huku akicheka, lakini siku ile hakucheka. Nyumba yao ya mbao ilikuwa na vyumba viwili, na mvua ilikuwa ikiingia kwenye kimoja. Kazi za ujenzi zilikuwa zimekaribia kusimama mji mzima. Na sasa mkewe, aliyepoteza kazi, ameleta mdomo mwingine.

Nje ilikuwa mbaya zaidi. Nyumba za Cimpunda zimebebana mlimani, kikohozi cha jirani unakisikia kama chako, na habari haihitaji miguu. Jirani mmoja, Ghislaine, anayeuza makaa mbele ya nyumba yake, ndiye aliyempa jina: *coiffeuse ya imbwa*, yaani msusi wa mbwa. Watoto wakalichukua. Kila Domitille alipopita na Bijou kwenye kamba, jina lilimtangulia na kumfuata.

"Batu banalala na njaa, yeye anachana imbwa," Ghislaine alisema siku moja, kwa sauti ya kusikika.

Domitille aliingia ndani, akafunga mlango, akalia. "Ile siku iliniuma juu haikuwa uongo," anasema. "Njaa ilikuwa. Lakini sikumupa Bijou chakula ya mutoto yangu hata siku moja. Nilimukatia ku sahani yangu. Bugali kidogo, samaki ya sambaza bila chumvi, karoti. Nilijiuliza: huyu aliachwa na mutu aliyemupenda. Nikimutupa na mimi, atajua nini juu ya batu?"

Baada ya muda tumbo la Bijou lilianza kukua, na halikuwa la chakula. Huko Nguba alikuwa amekutana na dume la jirani kabla ya vurugu za kuondoka, na hakuna aliyejua.

Domitille alimtafuta Ezéchiel, daktari wa mifugo ambaye siku nyingi huzunguka vilimani kutibu ng'ombe na mbuzi. Ezéchiel aliweka kipimo chake juu ya ubavu wa Bijou, akasikiliza kwa muda mrefu, akasogeza, akasikiliza tena. Uso wake ukabadilika.

"Watoto wapo," alisema. "Lakini moyo wa mama una makelele."

Akamweleza. Katika mbwa wa aina hii, ugonjwa wa moyo ni wa ukoo. Mlango mdogo ndani ya moyo huchoka, haufungi vizuri, na damu hurudi nyuma. Wengi huishi nao miaka mingi, wakipewa dawa na kutunzwa uzito. Wengine huanza kukohoa, kuchoka na kuzimia. Anayemleta mbwa huyu nyumbani, daktari alisema, ajue kwamba analeta na moyo wake.

"Atazaa salama?" Domitille aliuliza.

"Tutajaribu. Lakini asizae tena."

Siku ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Udongo ulikuwa umeporomoka kwenye njia ya kupandia Cimpunda, na hakuna pikipiki iliyokubali kupita. Bijou alijikunja kwenye kona ya chumba kikavu, akihema. Mtoto wa kwanza alitoka bila shida. Kisha uchungu ukaendelea, mchana ukasogea, na hakuna kilichotoka.

Domitille alimpigia Ezéchiel. Daktari alikuwa chini, upande wa pili wa tope.

"Nakuja kwa miguu," alisema. "Lakini usinisubiri. Nawa mikono, mpake mafuta, niambie unagusa nini."

Simu iliwekwa juu ya stuli na Gaston, ambaye kwa mara ya kwanza alipiga magoti karibu na mbwa yule na kumshika kichwa.

"Ninagusa mukia," Domitille alisema. "Miguu iko mbele, imekunjwa."

"Usivute mkia. Tafuta miguu yote miwili. Subiri asukume. Akisukuma, na wewe vuta kuelekea chini, polepole. Akipumzika, pumzika."

Vidole vilivyokuwa vimefungua mafundo ya maelfu ya vichwa Kadutu viliitafuta miguu miwili membamba gizani mwa mwili. Bijou akasukuma. Domitille akavuta. Bijou akapumzika. Kisha kwa msukumo mmoja mtoto akateleza nje, mzima, na kumkanda mama yake kwa pua akitafuta titi. Wa tatu alikuja nyuma yake haraka, mdogo kuliko wote, na hakupumua.

Hapo mlango ulifunguka. Alikuwa Ghislaine, muuza makaa, aliyekuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mbao. Mkononi alikuwa na jiko lenye moto tayari.

"Chukua, apate joto," alisema. "Usiniangalie, fanya kazi!"

Domitille alikifunga kile kitoto ndani ya kitenge, akakisugua mgongo na kifua, akakifuta pua, akasugua tena. Gaston alikuwa akisema Salamu Maria. Ghislaine alikuwa akipepea moto. Ezéchiel alipofika mlangoni, tope mpaka magotini, wote wanne walisikia sauti nyembamba kama ya mlango usiotiwa mafuta. Kitoto kililia.

Ghislaine akapiga vigelegele. Nyumba ya juu ikaitikia, na ya chini ikaitikia, ingawa hao hawakujua kinachosherehekewa. Mtoto amezaliwa, walidhani, na hawakukosea sana.

Picha za watoto wale zilisambaa kwenye simu za mji. Watu wakaanza kupiga. Na ndipo Domitille alipogundua kwamba kila mtu anayajua masikio ya spanieli mdogo, na karibu hakuna anayejua lolote lingine.

Mmoja alitaka wa kulinda duka. Mwingine alitaka wa kufunga uani kwa sababu mke wake hapendi manyoya ndani. Wa tatu alitaka kitu cha kuchezea mtoto wa miaka miwili. Aliwakatalia wote.

Kisha akaja Alphonse. Huyu ni mfanyabiashara wa dhahabu, ambaye muda wake mwingi huupitisha kwenye machimbo ya Luhwindja na amejenga nyumba nzuri huko Nguba. Aliacha gari chini, akapanda njia za Cimpunda kwa viatu vya ngozi, na alipoketi kwenye kiti pekee cha nyumba ile alitaja bei. Ilikuwa bei ya bati jipya la nyumba nzima, na masalio.

"Ni ya mama yangu," alisema. "Anaishi peke yake. Ninataka kumushangaza."

"Mama amesema anataka imbwa?" Domitille aliuliza.

"Hajui. Njo kumushangaza."

"Anaogopa imbwa?"

"Sijui."

"Anatembea muzuri? Nani atamutoa inje? Nani atamuchana? Akigonjwa, wewe uko Luhwindja. Hii imbwa inaweza kuishi miaka kumi na zaidi, papa. Mama iko na miaka ngapi?"

Alphonse hakuzoea kuulizwa. "Maman, ninakuya na franga, wewe unanifanyia examen?"

"Examen ni ya mutoto huyu. Ni yeye atafaulu ao ataanguka. Lete mama, tuongee. Kama haukuye na mama, siuzishe."

Aliondoka amekasirika. Gaston aliyekuwa mlangoni alisikia yote, na maji ya mvua yalikuwa yakidondoka ndani ya sufuria katikati yao.

"Umemukatalia," alisema.

"Nimemukatalia."

Gaston aliitazama sufuria ikijaa. Akainyanyua, akaenda kuimwaga nje, akarudi, akaiweka mahali pake. "Sawa," akasema. "Nilimushika kichwa akizaa. Na mimi singepana mutoto wake kwa mutu asiyejua."

Domitille anasema siku hiyo ndiyo aliyojua kwamba hakuolewa vibaya.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Alphonse alirudi. Safari hii alimshika mkono mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cha kanisani, fimbo mkononi. Familia yote humwita Koko Françoise, yaani Bibi Françoise. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume alikwisha kufa, na watoto walikuwa wametawanyika. Alikuwa amevunjika nyonga, na ingawa mfupa ulishaunga, kwa miezi mingi hakutoka nje ya lango lake. Alphonse alisema mama alikuwa ameanza kula kidogo na kuongea kidogo zaidi.

Koko aliketi. Watoto watatu waliachiliwa sakafuni. Wawili wakubwa walikimbilia fimbo na kuanza kuipigania. Yule mdogo alitembea hatua chache, akachoka, akalala juu ya kiatu cha Koko.

"Na huyu?" Koko aliuliza.

Domitille angeweza kusema ni mpole, basi. Badala yake alisema ukweli. "Koko, huyu sikupe. Docteur amemusikiliza. Moyo yake iko na makelele, kuliko ya mama yake. Anakunywa kidonge asubui na magaribi. Anaweza kuishi, anaweza kutuacha. Chukua mumoja ya hawa wawili, bako na nguvu."

Koko Françoise alifungua mkoba wake, akatoa pakiti ya dawa, akaiinua juu ili wote waione.

"Na yangu iko na makelele," alisema. "Na mimi ninakunywa asubui na magaribi. Mara mingi ninasahabu, juu hakuna mutu wa kunikumbusha. Tutakunywa pamoja." Aliinama kwa shida, akamwokota. "Jina yake ni Kidonge."

Chumba kizima kilicheka, na Alphonse, mtu wa dhahabu na mikataba, aligeuza uso dirishani akajifuta macho.

Lakini Domitille hakuwa amemaliza. "Swali moja limebakia, na ni ya wewe, papa. Mama akitangulia, nani atabakia na Kidonge?"

Koko mwenyewe alimjibu. "Muulize vizuri, mwanangu. Na mimi ninataka kusikia."

Alphonse alimtazama mama yake, akamtazama yule mbwa aliyelala. "Mimi," akasema. Domitille akamwambia anyooshe mikono. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Alphonse akambeba mbwa, akiwa amekaza mabega kama mtu aliyepewa yai la moto. Bei yake aliitoa ileile, ingawa Domitille alitaka kuipunguza kwa sababu ya ugonjwa. Bati likanunuliwa.

Wale wawili wengine walikwenda kwa familia ambazo Domitille alizitembelea kwanza, akakaa sebuleni, akaangalia nani yuko nyumbani mchana. Bijou alifungwa kizazi, na hatazaa tena. Yeye ndiye aliyekuwa akikoroma juu ya mkeka asubuhi hii, akimsindikiza Domitille kazini.

Kidonge ametimiza mwaka na zaidi. Hukohoa wakati mwingine, na Ezéchiel humsikiliza mara kwa mara. Asubuhi humkwaruza Koko mkono mpaka dawa za wote wawili zitoke kabatini. Kisha wanatoka. Mwanzoni waliishia langoni. Baadaye kwenye kona. Sasa wanateremka mpaka ziwani, bibi na fimbo yake, mbwa na kamba yake, na hakuna anayemvuta mwenzake.

"Batu banasema ninatembeza imbwa," anasema Koko Françoise. "Bamekosea. Ni yeye ananitembeza."

Habari ya Koko kurudi njiani ilimpa Domitille wateja wengi. Wenye mbwa wadogo wa Ibanda, eneo lenye Nguba na Muhumba, ambao hawakujua mtu wa kuwachana wala wa kuwaacha kwake wakisafiri, walimtafuta. Na jina alilopewa kwa dharau ameliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye mfuko wake: *Coiffeuse ya Imbwa*.

Lakini ushindi anaoupenda zaidi hauhusu spanieli hata kidogo.

Mtoto mmoja wa Cimpunda aling'atwa na mbwa wa mtaani, na mtaa mzima uliishi kwa hofu hadi alipomaliza sindano zake. Domitille alikwenda kwa Ezéchiel. "Bijou iko na chanjo ya kichaa," alimwambia. "Hizi zingine, nani anaziwazia?" Daktari akatafuta dawa kwa wafadhili wake. Domitille akapita nyumba kwa nyumba, akiingia na Bijou mikononi, akionyesha jinsi ya kumshika mbwa bila kumtisha. Ghislaine alitembea naye akipaza sauti, kwa kuwa anayeuza makaa anajulikana na kila jiko.

Siku ya chanjo, Domitille aliogopa kwamba hakuna atakayekuja. Alipofika kwenye uwanja wa parokia aliikuta mistari. Mbwa wa manjano wenye mbavu za kuhesabika, mbwa wa kamba za nailoni, mbwa waliobebwa ndani ya magunia wakitoa vichwa tu. Wanaume waliowahi kumcheka walikuwa wamewakumbatia mbwa wao vifuani na kuwanong'oneza. Gaston alikuwa langoni akipanga watu kwa sauti ya fundi anayesimamia ujenzi. Walichanja mpaka chupa ya mwisho, na waliokosa wakaandikiwa siku nyingine.

"Niliangalia hizo imbwa zote," Domitille anasema, "nikasema kumbe hata hizi, kila moja iko na mutu. Tulikuwa hatujui tu namna ya kuipenda."

Sasa amepata chumba cha kupanga kando ya barabara ya Nguba, chenye bomba la maji na ua mdogo wenye ukuta. Anataka kukifungua kabla ya Noeli. Mbwa wa wasafiri watalala humo, na kila Jumamosi yeyote anayefikiria kuleta spanieli nyumbani atakaribishwa kukaa siku nzima na mmoja kwanza: amchane, amfute masikio, ampe dawa, amwokotee uchafu, ndipo aamue. Anataka pia kuwafundisha kazi hiyo wasusi wawili wa Kadutu ambao, kama yeye, walibaki na mikono tu.

"Vidole biko tayari," anasema huku akikunja mkeka wake. "Kilichobakia ni mulango. Na mulango nitaufungua mimi mwenyewe."

Anamfunga Bijou kamba, anatupa mfuko begani, anampita Patrice ambaye bado ameketi, na kushuka ngazi za baraza kuelekea barabarani, ambako nyumba inayofuata inamngoja.